Nilivyonunua picha ya Profesa Beattie mnadani Uskoti na hela zilivyonitoka

Kama unapanga kununua picha za zamani kwenye minada ya Uingereza, zile zilizochapwa kutoka kwenye bamba la shaba karne ya 18, na mfuko wako ni wa kawaida kama wangu, soma hii kabla hujabonyeza kitufe cha kuweka bei. Yangu nimeshaipata, iko ukutani Dar na naipenda kweli, ila njiani kuna hela nyingi za pembeni ambazo hakuna aliyenitajia, na kuna karatasi nyingine iliharibika ambayo hairudi tena.

Picha ni ya James Beattie. Najua wengi hamumjui, hata mimi sikuwa namjua. Nilienda Aberdeen kusoma mambo ya mafuta na gesi, si mnakumbuka kile kipindi baada ya habari za gesi ya kusini kila mtu alitaka masters ya petroli, na Aberdeen ndo mji wa mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Falsafa na mimi wapi na wapi. Ila nyumba niliyopanga tulikuwa na Mkenya mmoja anasoma falsafa, na jikoni usiku tunapika ugali wa unga wa duka la Wahindi (unga ule haushiki vizuri lakini utafanyaje) akawa ananipa stori za wanafalsafa wa Uskoti. Siku hiyo akanionyesha maneno ya David Hume, yaani Hume huyuhuyu anayesifiwa dunia nzima, kwenye maandishi madogo ya chini ya ukurasa aliyoyaongeza mwaka 1753 kwenye insha yake kuhusu tabia za mataifa. Anasema anashuku watu weusi kwa asili wako chini ya weupe, na kuhusu Mjamaika mmoja aliyesifika kwa elimu anasema anasifiwa bure tu kama kasuku aliyekariri maneno machache.

Nikamwambia Mkenya, sasa kwa nini unanionyesha hii usiku huu. Akasema tulia, kuna profesa wa hapahapa Aberdeen alimjibu.

Ndo nikamjua Beattie. Alizaliwa 1735 Laurencekirk, kijiji kusini mwa Aberdeen, baba yake mkulima mdogo mwenye kaduka. Akafundisha shule, alafu 1760 akapewa uprofesa wa falsafa na maadili pale Marischal College, chuo cha hapohapo Aberdeen, akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini na kidogo. Mwaka 1770 akatoa kitabu kinachoitwa Essay on Truth, kizima kizima cha kumpinga Hume na mashaka yake kuhusu ukweli na dini, na humo ndani akachukua yale maneno kuhusu watu weusi akayapasua. Hoja zake ni za mtu wa kawaida kabisa, ndo nilizipendea: kwamba Waingereza na Wafaransa wenyewe miaka elfu mbili iliyopita walikuwa washenzi kama hao mnaowaita washenzi leo, kwamba Peru na Mexico walikuwa na dola zao kubwa bila kumuuliza Mzungu, kwamba ukitaka kusema hakuna hata mmoja kati yao mwenye akili lazima uwe umewajua wote, na kwamba mtumwa asiyepewa nafasi ya kujifunza chochote huwezi kumpima kwa asivyovijua. Na hakuishia kwenye kitabu, darasani aliwafundisha wanafunzi wake miaka na miaka kwamba utumwa ni dhuluma.

Niwe mkweli, Mkenya alinionya nisimpambe sana. Wanafalsafa wengi wanaona kitabu chake kama falsafa ni chepesi, Kant mwenyewe, yule mwanafalsafa mkubwa wa Ujerumani, alimkejeli pamoja na wenzake kwamba wanakimbilia kusema "kila mwenye akili timamu anajua" badala ya kujibu swali gumu la Hume. Sawa. Lakini mimi sikuwa nanunua falsafa, nilikuwa nimeguswa na mtu mmoja mwenye suti ya karne ya 18 kwenye mji wa baridi kusimama na kusema hapana. Tena mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma Mwalimu Nyerere, kilipoondoa jina la Hume kwenye lile jengo lao refu kwa sababu ya maneno yaleyale, nikajisemea kumbe Beattie alishayaona haya miaka 250 iliyopita.

Sasa picha. Mwaka 1773 Beattie ndo alikuwa juu kabisa. Mfalme George III kampa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka, Oxford wamempa udaktari wa heshima, na Joshua Reynolds, mchoraji mkubwa wa London, akamchora. Kamchora amevaa joho lake la Oxford, kitabu chake kakibana kwapani, na pembeni yake malaika mwenye mizani mkononi anasukumia gizani watu watatu kama mashetani. Mchoro wenyewe wa rangi uko Chuo Kikuu cha Aberdeen. Watu wakaanza kusema mmoja wa hao mashetani ni Voltaire, mwandishi Mfaransa aliyeikosoa sana dini, na mwingine ni Hume. Reynolds alimwandikia Beattie barua akasema Voltaire ndiyo alikusudia awemo, ila yule aliyejifunika uso kwa mikono watu wanaweza kumwita Hume au yeyote wanayemtaka, tena akaongeza utani kwamba kweli mgongo wake ni mpana kidogo. Hume alikuwa mtu mnene, ndo utani wenyewe. Mwandishi Oliver Goldsmith alichukia, inasimuliwa alimwambia Reynolds kwamba ni aibu kumdhalilisha Voltaire kwa ajili ya mtu kama Beattie ambaye baada ya miaka kumi atakuwa ameshasahaulika.

Picha ya rangi ni moja, wanaoiona ni wachache. Kwa hiyo zama zile ukitaka sura yako isambae unampa fundi wa mabamba. Huyu wa kwetu aliitwa James Watson, na kazi yake ndo niliyokuja kuinunua.

Hapa nieleze kidogo ufundi maana usipoujua utapigwa. Kuna njia kadhaa. Moja fundi anachonga mistari kwenye shaba kwa kisu chenye ncha, wino unaingia kwenye mifereji, karatasi iliyoloweshwa inabanwa juu yake kwa mashine na wino unapanda. Nyingine anatoboa nukta nukta, maelfu, na kivuli kinatokana na nukta zilivyosongamana. Ya tatu ndo ya Watson, inaitwa mezotinti: bamba zima linakwaruzwa kwanza kwa chuma chenye meno mpaka likichapwa hivyohivyo linatoa weusi mtupu, alafu fundi anaanza kulainisha sehemu za mwanga, uso, mikono, karatasi ya kitabu. Anatoa mwanga kutoka gizani. Weusi wake ni kama mahameli, ukiuona live huwezi kuusahau. Ubaya wake ni kwamba bamba la shaba la namna hiyo linachoka mapema, nakala za mwanzo zinakuwa nyeusi tii, za mwisho zinapauka mpaka kijivu. Nakala mbili za bamba moja zinaweza kuwa na bei tofauti mara tano kwa sababu hiyo tu.

Nilianza kutafuta intaneti. Picha ya kwanza niliyoipata iliandikwa ni ya zamani, imechongwa, halisi, pauni 35. Nilikuwa nishaanza kutoa kadi, bahati nzuri nikaomba muuzaji anitumie picha ya karibu sana, kama ya jicho tu. Akatuma. Nikaikuza kwenye simu, nikaona nukta zimejipanga mistari iliyonyooka kama wanajeshi gwaride. Hiyo ni picha iliyopigwa tena kiwandani, teknolojia iliyoanza kusambaa mwishoni mwa karne ya 19, Beattie ameshakufa zamani, alifariki 1803. Nukta za mkono haziko hivyo, zinatofautiana ukubwa na zimekaa ovyo ovyo. Nunua lenzi ndogo ya kukuzia, ile ya sonara, mimi yangu nilinunua pauni 6 na ndo hela nilizotumia vizuri kuliko zote kwenye habari hii yote.

Alafu pitisha kidole au angalia kwa mwanga wa pembeni, picha ya bamba inatakiwa iwe na alama ya kubonyea kuzunguka picha yote, ukingo wa bamba ulipobana karatasi mbichi. Isipokuwepo jiulize kwa nini. Inaweza kuwa imekatwa, inaweza kuwa si ya bamba kabisa. Na hata ikiwepo usishangilie, kuna watu wanabonyeza alama hiyo ya uongo kwenye nakala za kisasa.

Kwenye duka moja la vitabu vya mitumba Aberdeen nikapata kapicha kadogo ka Beattie, kichwa na mabega tu, kamefanywa kwa nukta, kalitolewa mwanzoni mwa kitabu cha mashairi yake maana alikuwa mshairi pia, na shairi lake refu lilisomwa sana enzi zile. Pauni 8. Mwenye duka, mzee mmoja mpole ana kikohozi, akanieleza kwamba picha nyingi ndogo zinazouzwa ni kurasa zilizochanwa kwenye vitabu, kitabu kimeoza jalada basi wanachana picha wanauza moja moja. Sikupenda kuisikia hiyo lakini nilinunua, na kwa kweli kale kapicha ndo kalinifundisha kuangalia. Nilikuwa nakaa nako na lenzi jioni, naangalia jinsi shavu lilivyotengenezwa kwa vidoti vitupu, macho ya mtu aliyechoka kidogo.

Nikawa napita makaburini St Nicholas pale Union Street, Beattie kazikwa hapo, mchana watu wa maofisini wanakula sandwichi kwenye mabenchi kati ya makaburi wala hawana habari. Mtu huyu maisha yake ya nyumbani yalikuwa magumu jamani. Mke wake Mary aliugua akili. Mtoto wao mkubwa, James Hay, kijana mwenye kipaji aliyekuwa ameshateuliwa kumsaidia baba yake uprofesa, akafa 1790 akiwa na miaka 22. Mdogo wake Montagu akafa 1796. Baada ya hapo mzee hakuwa mtu tena. Kwa hiyo ukiitazama picha ya Reynolds, joho, malaika, ushindi, unamwangalia mtu wa miaka 37 ambaye hajui kinachokuja. Mimi baba wa watoto wawili hilo lilinikaa kuliko habari ya Hume.

Haya, mnada. Nyumba moja ya mnada Uskoti, siitaji jina, wakaweka mezotinti ya Watson, makadirio pauni 40 mpaka 60. Maelezo mistari miwili tu na picha imepigwa kwenye fremu, kioo kinang'aa taa. Hapa sikilizeni vizuri: unaruhusiwa kuwaandikia kuomba ripoti ya hali ya kitu, kwa kawaida ni bure. Waulize maswali ya moja kwa moja. Karatasi imekatwa ndani au nje ya alama ya bamba? Maandishi ya chini yapo yote? Imegundishwa kwenye kadi nyingine? Kuna mipasuko, matundu ya wadudu, madoa ya kahawia? Mimi niliuliza wakanijibu kwa upole kabisa: imekatwa mpaka kwenye bamba, madoa kiasi, nyuma hatujaiona kwa sababu hatufungui fremu. Hiyo sentensi ya mwisho muikariri. Maana yake ni "tatizo la nyuma ni lako".

Kuhusu maandishi ya chini, yanaonekana kama urembo lakini ndo cheti cha kuzaliwa cha picha. Kushoto jina la mchoraji, kulia jina la aliyechonga bamba, na chini kabisa mstari mwembamba wenye jina la aliyechapisha, mahali na tarehe. Ni sheria ya Uingereza ya 1735 ndo ilisababisha, mwaka uleule aliozaliwa Beattie, mchoraji Hogarth na wenzake walichoka kuibiwa kazi wakaenda Bungeni, ikawa ukitaka kulindwa lazima bamba liwe na jina la mwenye mali na tarehe. Ndo maana watu wakikata karatasi iingie kwenye fremu ndogo wanakata na ushahidi. Ila tarehe ya kwenye bamba ni ya bamba, si ya karatasi uliyoshika wewe. Bamba liliweza kuuzwa kwa mchapishaji mwingine, likachapwa miaka thelathini baadaye na tarehe ileile ya zamani. Hapo ndo unarudi kwenye weusi wa wino na aina ya karatasi.

Njia ya kujiokoa ni kulinganisha. British Museum na National Portrait Gallery ya London wameweka picha zao nyingi mtandaoni, unaingia bure, unatafuta jina la mtu aliyechorwa au fundi, unaweka yako na yao ubavu kwa ubavu. Nilikesha na hilo zoezi. Angalia mikunjo ya nguo, vidole, umbali wa maandishi. Angalia pia uelekeo, maana bamba likichapwa linageuza kushoto kuwa kulia, fundi makini anachonga kinyume ili itoke sawa, mvivu anaacha, utakuta mtu kwenye picha ya rangi anaangalia huku kwenye karatasi anaangalia kule. Haimaanishi ni feki, lakini inakupa cha kuuliza.

Siku ya mnada nilijiwekea mwisho pauni 60, nikashinda kwa 60 hiyohiyo, moyo unanienda mbio nipo kwenye basi la kutoka chuo, abiria wananiangalia navyotabasamu na simu. Alafu ikaja invoisi. Pauni 60 ni bei ya nyundo tu, yaani ile iliyotajwa mwisho dalali akigonga nyundo. Juu yake kamisheni ya mnunuzi asilimia 25, yaani 15. VAT juu ya kamisheni, 3. Kwa sababu niliweka bei kupitia tovuti ya minada na siyo pale ukumbini kuna asilimia 5 ya tovuti nayo na VAT yake, 3.60. Kutumiwa kifurushi 14. Jumla pauni 95.60, kwa rate ya wakati ule kama Sh 270,000. Zaidi ya nusu ya bei imeongezeka na hakuna aliyeniibia, yote yaliandikwa kwenye masharti yao kwa herufi za sisimizi. Kwa hiyo ukiwa na pauni 60 mfukoni, mwisho wako mnadani uwe 33 hivi.

Na niseme kitu ambacho kilinisaidia baadaye kwenye minada mingine niliyoiacha ikapita: stori ya Beattie na Hume ni bure. Ipo maktaba, ipo mtandaoni, hailipiwi. Unacholipia mnadani ni karatasi, wino na hali yake. Muuzaji akianza kukupa stori ndefu ya mtu aliyechorwa na maneno matatu kuhusu karatasi, mrudishe kwenye karatasi.

Ilipofika nikafungua fremu mwenyewe jikoni, Mkenya kashika tochi. Nyuma mbao nyembamba iliyokauka, imeshika vumbi la miaka, imetoa asidi yake kwenye karatasi mpaka kuna alama ya kahawia inayofuata ufa wa mbao. Mbele, kadi ya kuzungushia picha nayo ya bei rahisi, imeunguza mstari wa kahawia pembeni mote. Picha ilikuwa imeshikwa juu kwa gundi ya wanyama sehemu mbili, haikubandikwa yote, hapo nikashukuru Mungu. Weusi wake uko vizuri, siyo wa kwanza kabisa lakini malaika anatoka gizani na yule wa mgongo mpana anaonekana. Tulicheka sana na yule mgongo.

Nikapeleka kwa mtaalamu wa kutibu karatasi aniambie gharama ya kuosha yale madoa. Bei aliyotaja ilizidi picha yenyewe mara mbili na zaidi. Lakini alinipa ushauri bila kunitoza, ubarikiwe dada popote ulipo: madoa ambayo hayakui yaache, usiguse na kifutio, usiguse na mkate (kuna watu mtandaoni wanashauri mkate, achana nao), mezotinti wino wake umekaa juu juu, ukisugua umetoa mahameli. Usiikunje kwenye bomba la plastiki kusafirisha. Ilazwe, karatasi isiyo na asidi juu na chini, kadi ngumu mbili nje.

Ndivyo nilivyorudi nayo, kwenye begi la mkononi, sikuiweka kwenye mzigo wa chini ya ndege. Kadi zilizidi kidogo saizi ya begi, mhudumu mmoja alitaka ziende chini nikamwomba kwa unyenyekevu wote, akaniwekea kwenye kabati lao la makoti. Beba risiti ya mnada mkononi, ya kuchapwa, ofisa akiuliza ni nini na bei gani unampa karatasi, hamna mjadala. Na nilinunua kulekule kadi za pamba zisizo na asidi, kioo maalumu cha kuzuia miale ya jua nikakiacha kwa sababu ya kuvunjika, nikajisemea kioo ntapata Dar.

Dar ndo yale mazito. Nikampelekea fundi fremu kale kapicha kadogo ka pauni 8 kwanza, kama jaribio, nikamweleza asigundishe, nikaenda kazini. Kurudi jioni kaifanya kazi nzuri kwa macho yake: kakapaka gundi ya viatu mgongo mzima kakabandika kwenye hadibodi ili kasijikunje. Hakuwa na nia mbaya, picha zote za harusi anabandika hivyo na wateja wanafurahi. Baada ya miezi gundi ikapenya, uso wa Beattie ukatoka doa la njano kwenye paji, na kulitoa haiwezekani. Nilikaa kimya siku nzima. Ile kubwa nikaenda nikakaa naye kwenye benchi mwanzo mpaka mwisho. Maelekezo niliyompa ndo haya na nyie mchukue: karatasi ishikwe juu tu kwa vipande viwili vidogo vya karatasi laini na uji wa wanga wa ngano, siyo selotepu, siyo gundi ya mbao. Kadi ya pamba mbele na nyuma. Picha isiguse kioo, kadi ya mbele iwe nene itengeneze nafasi, maana jasho la kioo linaamkia kwenye karatasi. Nyuma zibwe kwa utepe wadudu wasiingie. Kazi yote na kioo cha kawaida Sh 85,000, na soda mbili.

Hewa ya pwani ni adui kuliko mchwa. Nyumba yangu ukuta wa nje unatoa unyevu masika, kwa hiyo picha iko ukuta wa ndani, mbali na dirisha, nyuma ya fremu nimeweka vipande vya kizibo pembe zote nne ili hewa ipite. AC ya kuwasha na kuzima ni mbaya kuliko kutokuwa na AC, karatasi inavuta na kuachia kila siku. Kila masika inapoisha naishusha, naangalia nyuma kama kuna ukungu au vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokula karatasi. Mwaka wa kwanza nilikuta kimoja.

Kuna jambo ambalo hakuna ripoti ya mnada inayolitaja. Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga, akaketi, akanywa chai, akainua macho. Malaika, mizani, mashetani watatu, Mzungu mwenye joho. Akaweka kikombe chini. "Baba, wewe umejiunga na Freemason lini?" Nikacheka, yeye hakucheka. Nikaanza kumweleza, shangazi huyu ni profesa wa Uskoti, alitutetea watu weusi zamani, huyu anayesukumwa wanasema ni yule aliyetutukana. Akaniangalia muda. "Sasa kama alitutetea, mbona kwenye picha hamna hata mmoja wetu?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Ni kweli, kitabu anacho kwapani, hoja zetu ziko ndani ya kitabu, lakini Reynolds alichora ugomvi wa Wazungu wao kwa wao kuhusu dini na mashaka, sisi tulikuwa kwenye kurasa za ndani huko. Nilipomtumia Mkenya swali la shangazi kwa WhatsApp akajibu kwamba shangazi ndo angepewa PhD.

Shangazi hakutaka kulala chumba cha karibu na sebule safari ile, kwa hiyo picha ikahamia korido ambako kumbe mwanga ni mdogo na ni bora zaidi kwa karatasi. Watu wawili watatu walioiona sasa wanataka na wao za kwao, mmoja anamtaka Adam Smith, mwingine Livingstone, wananitumia linki wananiuliza ninunue nisinunue. Uso wa mtu mimi sihitaji kuuona. Nitumie pembe nne za karatasi, maandishi ya chini, jicho moja kwa karibu, na mgongo. Kama mwenye nayo hataki kufungua fremu, punguza bei au iache.